Kijila cha Benita

Habari hii alinielezea Agnès mwenyewe, tukiwa tumekaa nyuma ya nyumba yake kule Katuba tunachambua sombe, majani ya muhogo, mwaka ule treni za kwenda Kasai zilipoanza tena kubeba magunia na kuku badala ya watu waliofukuzwa. Aliielezea polepole, jani moja baada ya jani, na mimi naiandika kwa mwendo ule ule.

Kagato, kakeki kale kadogo, kalikuwa tayari mkononi mwa mtoto, na mtoto alikuwa amefunga kinywa.

Alikuwa amekaa juu ya kigoda, magoti yamebanana, amekashika kagato kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota kaa la moto na hajui alitupe wapi. Mbele yake, kwenye kiti pekee cha nyumba ile chenye mikono, alikaa Désiré, munganga wa hospitali, mfuko wake wa ngozi juu ya mapaja. Ndani ya mfuko ule mlikuwa na sindano na kichupa kimoja cha dawa, cha mwisho. Kando ya mlango alisimama jirani yao Mwape, unga bado kwenye viwiko, akingoja kusifiwa. Na Agnès, bibi wa mtoto, alikuwa amepiga magoti sakafuni, uso wake ukilingana na uso wa mjukuu.

"Kula basi, mama," alisema. "Kidogo tu. Kama ukucha."

"Hapana, Kambo." Mtoto alimwambia bibi yake bila ubishi, kama mtu anayemkumbusha mzee kitu alichosahau. "Ile iko na maziba. Miye niko na kijila."

Munganga alimtazama Agnès. Agnès akatazama sakafu. Maana kijila kile, mwiko ule, ni yeye aliyekitengeneza, na alikitengeneza vizuri.

Mwili wa Benita ulikataa maziwa tangu mwanzo. Titi la mama yake alilinyonya bila shida, lakini siku ya kwanza ya uji wenye maziwa ya unga, midomo ilivimba, macho yakafunga, na pumzi ikaanza kulia kifuani kama mlango usiopakwa mafuta. Walimbeba mbio hadi hospitali ya Kampani, na aliyewapokea alikuwa Désiré, kijana bado, akamchoma sindano na mtoto akarudi. Aliwaeleza kwamba huu si uchawi, wala si kitu mtoto alichokiruka njiani. Ni aleji. Asionje maziwa tena, hata tone, hata siagi.

Agnès alirudi akaieleza avenue nzima, mtaa wao wote. Watu walisikiliza wakacheka kwa heshima. Aleji ni ugonjwa wa wazungu, walisema, watoto wetu wanakula hata udongo na wanakua. Na siku moja, kwenye sherehe ya ubatizo, shangazi aliyempenda mtoto kuliko wote alimvuta nyuma ya jiko akamlambisha kijiko cha maziwa matamu ya kopo, eti azoee. Siku hiyo pumzi ilikatika kabisa mlangoni mwa hospitali. Désiré ndiye aliyeirudisha tena.

Ndipo Agnès, akiwa amekaa chini kando ya kitanda kile, akaona kwamba neno la munganga ni la kweli lakini halina meno. Akatafuta neno lenye meno. Jina la nyumbani la Benita ni Ngoie, jina la mama yake Agnès aliyezikwa Kabalo. Na kila mtu anajua kwamba mtoto akipewa jina la mtu, amepewa na vijila vya mtu yule. Kama majina yako, yule uliyepewa jina lake, hakula kambale, nawe huli kambale, na ukila, yatakayokupata ni juu yako. Basi Agnès akatangaza kwamba marehemu Ngoie alikuwa na kijila cha maziwa.

Hakuna aliyecheka. Tangu siku ile watoto wa avenue walinawa mikono kabla ya kucheza na Benita. Hata mlevi wa kwenye kona, aliyekuwa akigawa pipi jioni, alianza kuuliza kwanza kama ile iko na maziba, na kama iko nayo, basi si ya Ngoie. Shangazi yule wa kijiko akawa mlinzi mkali kuliko wote. Na Benita mwenyewe alikua na kijila chake kama watoto wengine wanavyokua na alama ya chanjo begani. Alikionyesha kwa fahari. Sindano haikuhitajika tena.

Marehemu Ngoie, Mungu amrehemu, maziwa aliyapenda mno.

Sasa mwaka ule wa kufukuzwa watu wa Kasai, mambo yote yalikuwa yamevunjika. Kampani ilikuwa hailipi tena. Hospitali ilikuwa imeporwa hadi magodoro na vitasa vya milango. Faustin, mtoto wa Agnès na baba wa Benita, alikuwa kule Kasenga akitafuta samaki wa kuuza, na mke wake Abigaïl alikuwa amekwenda Kipushi kufuata unga wa mahindi mpakani, na kurudi kwake kulikuwa kwa Mungu. Nyumbani walibaki bibi na mjukuu na sufuria ya sombe isiyo na kitu ndani yake zaidi ya sombe. Masista wa parokia walikuwa wakiwagawia watoto biskuti kila asubuhi, biskuti ngumu za njano kutoka ng'ambo, na zote zilikuwa na maziwa. Watoto walirudi na makombo kwenye mashavu. Benita alirudi na mikono nyuma. Miguu yake ilianza kuwa miembamba, na nywele zake zikaanza kushika ile rangi ya kutu ambayo kila bibi anaijua na hakuna bibi anayependa kuitaja.

Na Désiré alikuwa anaondoka. Alizaliwa Katuba, alisoma Katuba, aliponyesha nusu ya Katuba, lakini baba yake alitoka Kasai, na mwaka ule hiyo ilitosha. Mke wake na watoto walikuwa tayari stesheni, juu ya magunia, wakingoja treni. Ilisemekana treni ni kesho. Siku moja kabla ya asubuhi hii alikuja kumuaga Agnès, akakaa, kisha akasema kitu alichokuwa akikigeuza kichwani kwa muda mrefu. Wako watoto, alisema, ambao mwili wao unakataa maziwa, lakini ukayakubali yakiwa yamekandwa ndani ya unga na moto ukapita humo kwa muda mrefu. Si wote. Huenda Benita amekuwa mmoja wao, huenda hapana. Huwezi kujua bila kujaribu, na hakuna anayejaribu pasipo munganga na sindano karibu.

"Nikishakwenda, Mama Agnès, hapa hakutabakia muntu ya kuchoma ile sindano. Siku moja njala itamushinda, atakula biskuti ya mwenzake. Afazali tujue wakati miye niko."

Agnès aliuliza itakuwaje kama mwili ukikataa. Désiré alisema atamchoma. Agnès akauliza, na kama sindano ikishindwa? Hapo Désiré alimwonyesha kile kichupa cha mwisho, na Agnès alimheshimu kwa kutomdanganya.

Kwa hiyo asubuhi hii Mwape alikuwa amepika. Mwape alikuwa Mubemba wa kucheka na kila mtu, na kabla masomo hayajafungwa alikuwa akiuza tugato mbele ya mlango wa shule. Furu yake ya kuokea ilikuwa sufuria kubwa yenye mchanga, juu ya mbabula, lile jiko la makaa, na juu yake bati lenye makaa, moto chini, moto juu. Désiré alimweleza kwamba maziwa ni kijiko tu, yachanganywe vizuri ndani ya unga, na asiharakishe kutoa. Mwape alijibu kwamba yeye kutoa upesi hajui, hata waume zake walimlalamikia hilo.

Na sasa tugato tuko tayari, na mtoto hataki.

Agnès alijaribu kumbembeleza. Alisema munganga ameruhusu. Benita alimtazama munganga kwa huruma na kusema munganga si wa kwao. Agnès akasema, basi mimi ni wa kwenu, na mimi nimeruhusu. Benita akatikisa kichwa.

"Kijila ni ya majina yangu. Aseme yeye mwenyewe."

"Majina yako alikufa, mama."

"Lakini weye unasemaka naye. Siku ya wafu unasemaka naye, miye nasikiaka."

Agnès aligeuka akatazama mlangoni. Jua lilikuwa linapanda na stesheni kulikuwa na watu wakimngoja munganga. Akainuka. Pemba, ule udongo mweupe wa wazee, haukuwako nyumbani, kwa hiyo alichota unga kidogo, akatoka mpaka kizingitini. Mtoto alimfuata, kagato bado mkononi. Agnès alimwaga unga chini, akakohoa, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba Mama Ngoie, tumekuja mbele yako, kitukuu wako ana njaa, tunakuomba umwachie kinywa chake.

Wakangoja. Benita aliinamisha kichwa upande mmoja ili asikie vizuri. Mabati yalilia kidogo kwa jua. Redio ya jirani ilikuwa ikisema maneno ya siku zile, maneno yaliyowafanya watu wazime redio watoto wakipita. 

Halafu, kutoka nyuma ya jiko, sauti ya kizee, nyembamba, ya kutetemeka: "Eee... akule... nimekubali..."

Benita aligeukia jiko.

"Kambo, ile ni sauti ya Mama Mwape."

"Wafu banaazimaka sauti," ilijibu ile sauti upesi. "Banakamata tu ile iko pembeni."

Munganga alifunika mdomo kwa mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Agnès kumwona akicheka tangu mambo yaanze. Mwape akatokea nyuma ya jiko akijipangusa mikono, uso umejaa hasira ya kujifanya. Alisema mtoto huyu kichwa chake ni kigumu kama chuma cha reli alikofanyia kazi babu yake. Alisema amechoka bure.

"Nimeamuka giza bado iko. Nimekanda, nimepika, nikatoa, nikatupakaa maziba na sukari juu ili tung'ae kama tugato twa duka ya Mugriki. Na hakuna hata muntu moja ya kusema, Mwape, tunang'aa."

Désiré aliacha kucheka.

"Ulitupakaa wakati gani?"

"Kisha kutoa. Njo vile banafanyaka. Ukipakaa mbele, sukari inaungua."

Agnès hakungoja aelezwe. Maziwa yale moto haukuyaona. Alikipiga kiganja cha mtoto na kagato kakaruka mpaka uani, kuku wakakimbilia. Kisha akaushika mkono ule, akaugeuza. Ncha za vidole zilikuwa nyekundu, zimeinuka vipelevipele kama za mtu aliyeshika upupu.

Walimwosha kwa sabuni, wakamwosha tena. Munganga alimtazama macho, akamtazama ndani ya midomo, akaweka sikio kifuani. Mtoto alikuwa analia, lakini si kwa sababu ya vidole, alilia kwa sababu Kambo alikuwa hajawahi kumpiga. Agnès alimshika na kumwomba msamaha, na huku akimwomba msamaha macho yake hayakuondoka kwenye kile kinywa kidogo, kilicholia sasa kikiwa wazi, kinywa ambacho kingekula tangu mapema kama mtoto angekuwa mtiifu. Mwape alikuwa amekaa chini pale pale aliposimama, mikono kichwani. Hakuna aliyemlaumu, na hiyo ilimwumiza zaidi.

Munganga alifunga mfuko wake. Alisema leo basi, waache. Alikwenda mpaka mlangoni, akasimama, mgongo kwao. Kwa leo hakukuwa na neno, lakini wote watatu walijua kwamba nyuma ya leo kulikuwa na treni.

Aliporudi, alizungumza na Agnès kwa sauti ya chini. Alisema vile vipele ni vya ngozi tu, na vinatulia. Alisema vimeonyesha kwamba maziwa mabichi bado ni adui wa huyu mtoto kama zamani. Yaliyoiva ndani ya unga, hilo halijajulikana. Vikiisha kutulia mtu anaweza kujaribu kombo, kombo tu, kama kungekuwa na kagato ambako hakakupakwa. Au mtu anaweza kuacha, akamchunga mtoto na biskuti za masista kwa macho yake mawili, kila siku, mpaka nchi itulie.

"Miye siwezi kukuchagulia, Mama. Ni weye utasema."

Agnès alitoka uani. Alitaka kuwaza, lakini kilichomjia hakikuwa mawazo. Kilimjia kifua cha mtoto kikilia kama mlango, na papo hapo ikamjia ile rangi ya kutu kwenye nywele. Aliona mkono wa Benita ukipenya kwenye ua kupokea nusu ya biskuti ya mtoto mwingine, siku ambayo yeye Agnès yuko kisimani au amesinzia. Hofu mbili, na kila moja ilikuwa na uso wa mjukuu wake. Alitamani Abigaïl atokee pale kwenye kona na gunia lake kichwani, aseme yeye, maana ndiye mama. Kabla ya kuondoka Abigaïl alimwambia tu, "Mama, weye utaona." Alitazama kona kwa muda mrefu. Alipita mtu na godoro, akapita mwingine na cherehani.

"Iko moja," alisema Mwape nyuma yake.

Alisema kwa aibu, macho chini. Kuna kagato kamoja kaliungua upande mmoja, lile bati lilipolala vibaya. Kalikuwa keusi, kabaya, kasingeweza kuonyeshwa kwa munganga, akakaficha chini ya beseni nyumbani kwake tangu katoke motoni, ili akale mwenyewe na chai. Hakukapaka kitu. Nani anapoteza maziwa kung'arisha kitu kibaya?

Alikwenda kukaleta kwa kitambaa safi, baada ya kunawa mikono mpaka viwikoni kama mtu anayeingia kupasua. Désiré alikavunja katikati. Kalikuwa kakavu mpaka ndani, kakahawia mpaka ndani, kakatoa sauti kama kuni. Alinusa, akasema moto umepita humu kote.

Walingoja vidole vya Benita vitulie. Vilipotulia, Agnès alimwita mtoto, akamkalisha tena kwenye kigoda, akapiga tena magoti. Safari hii hakubembeleza.

"Ngoie, sikia. Ile kijila, haikutoka kwa majina yako. Ni miye nilikutia."

"Weye?"

"Miye. Ju ulikuwa unagonjwa, na bantu hawakusikia."

"Na majina yangu?"

"Majina yako alipenda maziba. Alikuwa analamba kopo mpaka inabakia safi."

Mtoto alifikiri juu ya hilo. Agnès aliona jambo likizunguka nyuma ya paji lile dogo, na akaogopa kwamba leo atapoteza kitu ambacho hakitarudi, hata kama kila kitu kingine kitakwenda sawa.

"Alikuwa analamba na kidole?"

"Na kidole."

Benita alitabasamu kidogo, kwa ajili ya huyo mwanamke wa Kabalo na kidole chake. Kisha uso wake ukarudi kuwa mkali.

"Basi weye ulitia, weye utoe."

Hapo Agnès alikwama. Vijila vinarithiwa. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha jinsi ya kukitoa, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kukitia kama yeye. Alimtazama Mwape, na Mwape safari hii hakuwa na mzaha. Basi akafanya alivyojua. Alimega kombo, akaliweka kinywani mwake mwenyewe, akatafuna mbele ya mtoto, akameza, akafungua kinywa na kuonyesha ulimi. Kisha akamega la pili, dogo kama nusu ya punje ya mchele, akalishika kwa vidole vyake, akangoja.

Benita alifungua kinywa.

Agnès akalitia kombo ndani. Munganga alikuwa ameshatoa kichupa na sindano, vimelala pamoja juu ya kitambaa. Alimwambia mtoto aongee, aendelee kuongea, maana sauti ikibadilika ataisikia kabla ya kuiona. Mtoto akauliza aongee nini. Agnès akamwambia ataje watoto wa avenue. Benita akawataja, nyumba kwa nyumba, kuanzia kwenye bomba: Jeannot, na dada yake Jeannot, na Raoul wa meno, na Raoul mwingine, na wale mapacha. Alitaja wote, hata wale ambao nyumba zao zilikuwa zimefungwa na wao walikuwa stesheni juu ya magunia, hata wale waliokwishapanda. Hakuna aliyemsahihisha. Sauti yake ilibaki ile ile, ya kukwaruza kidogo, ya siku zote.

Jua lilisogea. Munganga alimpa kombo la pili, kubwa zaidi. Wakangoja. Akampa la tatu, la ukubwa wa ukucha, na hapo mtoto akakohoa.

Agnès alikisikia kikohozi kile katika mifupa. Munganga alikuwa ameshainuka na sindano mkononi, Mwape ameshaita jina la Bikira. Benita alikohoa tena, akameza, akapangusa mdomo.

"Iko kavu," alisema. "Na imeungua. Mama Mwape hajue kupika."

"Kweli kabisa," alisema Mwape, machozi yakimshuka. "Miye sijue kupika, mwanangu. Sema tena."

Wakampa maji. Munganga akamsikiliza kifua, mbele na nyuma, kwa muda mrefu sana. Hakusema ni vizuri. Alisema mpaka sasa hakuna kitu, na kwamba tumbo nalo lina saa zake, kwa hiyo atakaa mpaka jua lipungue. Alisema kombo kama lile la mwisho, kila siku, kutoka kagato kalikopikwa vile vile, kasipakwe kitu, na likiendelea bila shida kwa majuma ndipo litaongezwa kidogo, na biskuti ya masista ije nyuma kabisa. Maziwa ya kunywa, hapana. Sindano na dawa ataziacha kwa Sista wa zahanati, amfundishe kabla ya treni namna ya kuzitumia, kwa kuwa mkono wa Sista yule anauamini. Agnès alimwuliza, na watoto wako je, huko njiani? Désiré alisema watoto wake, asante Mungu, wanakula kila kitu kinachopatikana. Kisha akacheka kidogo, kwa jinsi alivyosema neno lile "kinachopatikana."

Akarudi kukaa kwenye kiti chenye mikono, mfuko juu ya mapaja, macho kwa mtoto. Siku ngapi alikuwa hajalala, hakuna aliyeuliza. Kichwa kilianza kushuka, kikapanda, kikashuka. Mwishoni kikabaki pale, kidevu kifuani, na mdomo ukafunguka kama wa mtoto.

Benita alilala baada yake, kwenye mkeka kando ya ukuta, ubavu, kiganja chini ya shavu. Agnès alikuwa ameona watoto wengi wakilala, lakini usingizi ule ulimtisha kuliko kikohozi. Je, ni kulala, au ni kuondoka? Alimwinamia. Akamgusa midomo. Akamtikisa.

"Ngoie."

"Nini, Kambo?"

"Unafanya nini?"

"Nalala," alisema mtoto, amekasirika, na akamgeuzia mgongo.

Mwape alikaa mlangoni kuwafukuza kuku, akasema yeye atachunga, Agnès apumzike. Hakukaa sana. Alikuwa ameamka giza bado liko, na ukuta ulikuwa na kivuli. Kitambaa cha kichwa kilimteremkia usoni na hakukiinua.

Basi akabaki Agnès peke yake kati ya waliolala. Nje mkokoteni ulipita na vyombo vikigongana, ukaenda upande wa stesheni, ukanyamaza. Alijilaza kando ya mtoto, si kulala, kusikiliza tu, akaweka kiganja juu ya mbavu zile zilizokuwa zimeanza kuhesabika. Mkono ulipanda. Ukashuka. Ukapanda. Alijiambia atafumba jicho moja, lile la upande wa jua, na lingine litabaki. Mkono ulishuka, ukapanda, na yeye akaufuata chini na juu, chini na juu, mpaka akawa hajui tena ni pumzi ya nani inayouinua.